Uliza Hisabati: Mizizi ya Kipeo cha Tatu

Barua za safari hii zimetoka Mwanza mjini, ng'ambo ya ghuba na visiwani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: mlinganyo wenye x³ unafumbuliwaje? Kwa wanaoanza, mzizi, au sifuri ya polinomia (hesabu ya kujumlisha vipeo vya x, kama x³ na x², kila kimoja kikizidishwa kwa namba), ni namba ambayo ukiiweka mahali pa x, hesabu nzima inatoka 0. Kipeo cha pili kina kanuni inayojulikana na kila aliyepita kidato cha pili. Kipeo cha tatu kinafumbuliwa kwa kutafuta mzizi mmoja kwanza, kisha kugawanya ili kibaki kipeo cha pili. Ugumu wote umelala kwenye huo mmoja.

Swali. Shikamooni walimu. Niko kidato cha tano, Nyegezi. Tumepewa 2x³ − 3x² − 11x + 6 = 0. Nimejaribu 1 ikatoka −6, nikajaribu 2 ikatoka −12, nikaruka hadi 6 ikatoka 264. Zote zimekataa. Mwenzangu anasema niendelee kubahatisha hadi ipatikane. Hakuna njia ya uhakika?

Jibu. Marahaba. Usizifute hizo hesabu tatu, maana kazi kubwa umeshaifanya bila kujua. Wanafunzi wengi wakiona jibu si 0 wanapiga mstari na kusahau. Namba iliyokataa nayo inasema kitu, na kinachosema ni alama yake.

Ulipoweka 2 ulipata −12, chini ya sifuri. Ulipoweka 6 ulipata 264, juu ya sifuri. Grafu ya polinomia ni mstari usiokatika, kwa hiyo kutoka chini kwenda juu lazima iuvuke mstari wa sifuri mahali fulani. Basi kuna mzizi kati ya 2 na 6. Sasa weka 0, ambayo haihitaji hata kalamu: inabaki namba ya mwisho, yaani 6. Ukiweka 1 ulipata −6. Kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kuna mzizi mwingine kati ya 0 na 1. Mizizi miwili kati ya mitatu tayari unajua inakaa wapi.

Hatua ya pili ni kujua namba zipi zinastahili kujaribiwa. Ikiwa mzizi ni namba kamili au sehemu iliyorahisishwa hadi mwisho, kiasi chake lazima kiwe kigawo cha namba ya mwisho (hapa 6), na asili yake lazima iwe kigawo cha namba iliyo mbele ya x³ (hapa 2). Sababu yake inafaa uijue, si kukariri tu. Chukua mzizi p/q, uweke kwenye mlinganyo, kisha zidisha kote kwa q³. Utapata 2p³ − 3p²q − 11pq² + 6q³ = 0. Sehemu tatu za mwanzo zote zina p ndani yake, kwa hiyo 6q³ nayo lazima igawanyike kwa p. Lakini p na q hazina kigawo cha pamoja, ndiyo maana p inalazimika kuigawa 6 yenyewe. Ukianzia upande wa pili, sehemu tatu za mwisho zote zina q, kwa hiyo q lazima iigawe 2.

Vigawo vya 6 ni 1, 2, 3 na 6. Vigawo vya 2 ni 1 na 2. Orodha yako yote ni 1, 2, 3, 6, ½ na 3/2, kila moja ikiwa chanya au hasi. Namba 12 tu. Kati ya 2 na 6, iliyomo kwenye orodha ni 3 peke yake. Kati ya 0 na 1 ni ½ peke yake. Weka 3: 54 − 27 − 33 + 6 = 0. Imekubali.

Sasa gawanya kwa mkato. Andika namba zinazozidisha x kwa mpangilio, shusha ya kwanza, zidisha kwa 3, jumlisha na inayofuata, rudia:

3 | 2  −3  −11   6
  |      6    9  −6
    2   3   −2   0

Namba ya mwisho kulia ndiyo baki, na 0 inathibitisha kwamba 3 ni mzizi. Zilizobaki zinakupa 2x² + 3x − 2, ambayo ni (2x − 1)(x + 2). Mizizi mitatu ni 3, ½ na −2.

Kabla hujafunga daftari, jumlisha mizizi: 3 + ½ − 2 = 1½. Jumla hiyo lazima ilingane na namba iliyo mbele ya x², ikigeuzwa alama, kisha ikagawanywa kwa namba iliyo mbele ya x³: 3 ÷ 2 = 1½. Zidisha: 3 × ½ × −2 = −3, na hiyo lazima iwe namba ya mwisho ikigeuzwa alama, ikagawanywa kwa ile ya kwanza: −6 ÷ 2. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na unakamata makosa ya alama ambayo macho hayaoni.

Kama ungeanza na ½ badala ya 3, kuna mtego. Kugawanya kwa ½ kunakupa 2x² − 2x − 12. Wengi huandika hapo (2x − 1)(2x² − 2x − 12), na ukizidisha unapata mara mbili ya polinomia uliyopewa. Uligawanya kwa x − ½, si kwa 2x − 1. Ukitaka kuandika 2x − 1, toa 2 kwenye mabano ya pili: (2x − 1)(x² − x − 6).

Kuna jambo moja tena ambalo lingekuokoa mapema. René Descartes aliliandika mwaka 1637: hesabu mara ngapi alama zinabadilika ukisoma polinomia kutoka kushoto. Yako ni + − − +, mabadiliko mawili, kwa hiyo mizizi chanya ni miwili au hakuna. Ukigeuza x kuwa −x unapata − − + +, badiliko moja, kwa hiyo mzizi hasi ni mmoja kamili. Ungejua tangu mwanzo kwamba upande wa hasi kuna mmoja anakusubiri.

Swali. Nipo Sengerema, najisomea nyumbani nirudie mtihani. Kwenye x³ − 19x − 30 = 0 nikiweka 5 inatoka 0 safi. Lakini nikigawanya kwa mkato napata baki −100. Ipi ni ya kweli?

Jibu. Ya kweli ni 0. Umeandika 1, −19, −30, yaani umeisahau x² kwa kuwa haionekani. Haionekani, lakini nafasi yake ipo na namba yake ni 0. Andika 1, 0, −19, −30. Shusha 1, 5 jumlisha 0 ni 5, 25 jumlisha −19 ni 6, 30 jumlisha −30 ni 0. Kinachobaki ni x² + 5x + 6, na mizizi mingine ni −2 na −3. Kila unapoanza, hesabu namba ulizoandika: kipeo cha tatu lazima ziwe nne. Zikiwa tatu, simama hapohapo. Na umefanya vyema sana kugundua kwamba majibu mawili yanapingana, maana hapo ndipo kosa hujitokeza lenyewe.

Swali. Mwalimu kaninyima alama kwa x³ − 5x² + 6x = 0. Nimegawa pande zote kwa x, nikapata 2 na 3. Kosa liko wapi? Mwanafunzi, Musoma.

Jibu. Umegawa kwa x, na x inaweza kuwa 0. Ulipoifuta ulimfukuza mzizi wa tatu, ambao ni 0 yenyewe. Toa x nje ya mabano badala ya kugawa: x(x − 2)(x − 3) = 0.

Swali. Habari za kazi. Mimi ni fundi bati, Kirumba. Mteja wa Buswelu anayefuga kuku anataka chombo cha kunyweshea cha lita 8. Nina vipande vya bati vya sentimita 60 kwa 40. Nakata mraba kwenye kila kona, kisha nakunja pande nne. Kijana wangu wa shule alipiga hesabu akasema nikate sentimita 10. Nikatengeneza, lita 8 zikaingia kweli, ila mteja analalamika kina ni kirefu, vifaranga vinazama. Kuna kipimo kingine kinachotoa lita hizohizo? Na mwingine anataka cha lita 9 kwa kipande hichohicho.

Jibu. Nzuri fundi. Kijana wako hajakosea, ila hakumaliza. Huu ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, na una majibu zaidi ya moja.

Ukikata mraba wa x kila kona, urefu wa kitako unabaki 60 − 2x, upana 40 − 2x, na kina ni x. Ujazo ni x(60 − 2x)(40 − 2x), na lita 8 ni sentimita za ujazo 8000. Fungua mabano, gawanya kote kwa 4, unapata x³ − 50x² + 600x − 2000 = 0. Kumi ni mzizi: 1000 − 5000 + 6000 − 2000 = 0. Gawanya kwa mkato, kinabaki x² − 40x + 200 = 0, na mizizi yake ni 20 − √200 na 20 + √200, yaani karibu 5.86 na 34.14.

Hiyo 34.14 ni sahihi kwenye karatasi tu. Upana wa bati ni 40, huwezi kukata 34 kila upande. Itupe. Zinabaki mbili ambazo mkasi unaweza kuzikata: 10 na 5.86. Ya kwanza inatoa chombo chembamba chenye kitako cha 40 kwa 20. Ya pili inatoa chombo kipana cha karibu 48 kwa 28, kina kisichofika sentimita 6, na kwa vifaranga hiyo ndiyo yenyewe. Weka alama kwenye milimita 59. Utapata lita 8.02. Ukikosea milimita 1 hapo, ujazo unabadilika kwa karibu mililita 47, si jambo la kugombana na mteja.

Kuhusu lita 9, tazama ujazo kadiri mkato unavyoongezeka, kwa sentimita za ujazo:

5 → 7500
6 → 8064
7 → 8372
8 → 8448
9 → 8316
10 → 8000

Unapanda, unafika kileleni karibu na 7.85, halafu unashuka. Kilele hicho ni kama lita 8.45. Kwa bati la 60 kwa 40 lita 9 hazipo, hata ukate vipi, na mlinganyo wake utakupa mizizi ambayo hakuna hata mmoja unaofaa kukatwa. Mwambie mteja mapema kabla hujachukua malipo ya awali.

Sasa la muhimu zaidi, ambalo kijana hakuliona. Chombo cha kuku hakiachwi na ukingo mkali, lazima ukunje sentimita 1 kuzunguka ili usikate kuku wala mikono. Hiyo sentimita 1 kila upande inaligeuza bati lako kuwa 58 kwa 38. Pigia hesabu upya: kilele kinashuka hadi karibu lita 7.4. Maana yake ukishakunja ukingo, hata lita 8 hazipatikani tena. Ukitaka lita 8 zenye ukingo uliokunjwa, anza na bati la 62 kwa 42, kisha kata milimita 59 kama tulivyosema, ukipima kutoka kwenye mstari wa ukingo.

Tena lita hizo ni za chombo kilichojaa hadi mdomoni. Kwenye kitako kile, kila sentimita 1 ya kina ni karibu lita 1.36. Mteja akiacha sentimita 1 ili maji yasimwagike, ananywesha lita 6.6 tu. Muulize kama lita 8 anazotaka ni za chombo au za maji. Na kona, kama unaweza, usizikate kabisa: zikunje kama bahasha na kuzilaza ubavuni. Ujazo haubadiliki, na hakuna mshono wa kuvuja.

Swali. Mimi ni mzazi, Igoma. Binti yangu kaandika kwamba x³ + x − 10 = 0 ina jibu moja tu, 2. Kaka yake anashikilia lazima yawe matatu. Nani yuko sahihi? Na inawezekana mlinganyo kama huu ukakosa jibu kabisa?

Jibu. Wote wawili, mzazi mwenzetu, kila mmoja na namba anazozikubali. Gawanya kwa x − 2, kinabaki x² + 2x + 5. Ukitumia kanuni ya kipeo cha pili, chini ya alama ya kipeuo unapata 4 − 20 = −16. Kwenye mstari wa namba za kawaida hakuna kipeuo cha pili cha −16, kwa hiyo binti yuko sahihi: jibu ni moja. Kaka yake akishafundishwa namba changamano atapata mengine mawili, −1 + 2i na −1 − 2i (i ni kipeuo cha pili cha −1), nayo daima huja kwa jozi.

Kukosa kabisa haiwezekani, mradi namba za kwenye mlinganyo ni za kawaida. Weka x = 1000: x³ inakuwa bilioni 1 na kuwazidi wenzake wote. Weka −1000: inakuwa bilioni 1 hasi. Grafu inaanzia chini kabisa upande mmoja na kuishia juu kabisa upande mwingine, au kinyume chake. Njiani itavuka tu.

Ila waambie watoto wawe macho na mzizi unaogusa bila kuvuka. Chukua x³ − 3x + 2. Ukiweka 0 unapata 2, ukiweka 2 unapata 4, zote chanya, na mtu anaweza kuapa kwamba katikati hakuna kitu. Kumbe kwenye 1 ni 0 kamili. Kwenye 0.9 ni 0.029, kwenye 1.1 ni 0.031, grafu inashuka, inagusa, inapanda tena. Hapo mzizi ni 1 mara mbili, na wa tatu ni −2. Kubadilika kwa alama kunathibitisha kwamba mzizi upo; kutobadilika hakuthibitishi kwamba haupo.

Swali. Nafuga sato kwenye vizimba ziwani. Nina maboya ya mviringo kama mpira, kipenyo sentimita 30. Boya pamoja na mzigo linaoubeba ni kilo 5. Nataka kupaka rangi ya kung'aa sehemu itakayobaki juu ya maji ili mitumbwi ya usiku ione. Litazama sentimita ngapi?

Jibu. Mzigo uupime ukiwa ndani ya maji, maana jiwe au mnyororo ukiwa majini huwa mwepesi kuliko nchi kavu. Tukichukua kwamba hizo kilo 5 ni hivyo, boya litazama hadi lisukume maji ya kilo 5. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lita moja ni karibu kilo 1, kwa hiyo sehemu iliyozama lazima iwe na ujazo wa sentimita 5000 za ujazo.

Kipande cha tufe chenye kina h kina ujazo wa πh²(3R − h) ÷ 3, na R hapa ni 15. Panga upya na unapata h³ − 45h² + 4774.65 = 0. Hapa orodha ya vigawo haina kazi, kwa sababu namba ya mwisho imetoka kwenye π. Tunakaribia kidogo kidogo.

Weka 12: 1728 − 6480 + 4774.65 = 22.65. Weka 12.1: inatoka karibu −42.2. Alama imebadilika, mzizi uko katikati, na uko karibu zaidi na 12. Gawa pengo kwa uwiano: 22.65 kati ya jumla ya 64.9 ni kama 0.35 ya hatua ya 0.1. Jibu ni 12.03.

Njia ya Newton inafika haraka zaidi. Chukua kisio, toa thamani ya mlinganyo ikigawanywa kwa mteremko wake, ambao hapa ni 3h² − 90h. Anza na 15, nusu ya boya: thamani ni −1975.35, mteremko ni −675, kisio kipya ni 12.074. Rudia mara moja tena, unapata 12.035. Hatua mbili tu. Lakini usianze na 0 wala 30, ingawa ndizo namba zinazokuja akilini kwanza, yaani boya likiwa juu kabisa na likiwa limezama lote. Kwenye hizo zote mbili mteremko ni 0, na hakuna kugawa kwa 0.

Mlinganyo huu una mizizi mingine, karibu −9.37 na 42.34. Boya halizami sentimita hasi, wala sentimita 42 wakati kipenyo ni 30. Kubali 12.03. Juu ya maji zinabaki karibu sentimita 18, zipake zote. Na uelewe uzito wa mwisho: boya hilo likizama lote linasukuma lita 14.1, kwa hiyo kilo 14 na ushee ndipo linapotoweka. Boya hilohilo ukilipeleka baharini Tanga litaelea juu kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi.

Swali. Walimu wenzangu, nafundisha Ukerewe. Wanafunzi wameniuliza kwa nini hakuna kanuni ya kipeo cha tatu kama ile ya kipeo cha pili. Nimewaambia ipo, sasa wanataka niiandike ubaoni. Niwaonyeshe?

Jibu. Waonyeshe, mwalimu, ila wakiwa wameshaimudu njia ya vigawo na kugawanya. Ukianza na kanuni wataamini kwamba ndiyo njia, na itawachosha bure.

Kwanza mnaiondoa x². Kama mlinganyo ni x³ + bx² + cx + d = 0, weka x = y − b/3, na x² itatoweka. Kinabaki y³ + py + q = 0. Kisha tafuta D = (q/2)² + (p/3)³. Mzizi mmoja ni kipeuo cha tatu cha (−q/2 + √D) kikijumlishwa na kipeuo cha tatu cha (−q/2 − √D). D ikiwa chanya, mzizi wa kawaida ni mmoja. Ikiwa 0, kuna uliojirudia. Ikiwa hasi, ni mitatu tofauti.

Historia yake wanafunzi huipenda. Omar Khayyam, katika karne ya 11, aliifumbua milinganyo hii kwa kukatisha mikunjo ya jiometri. Kwa hesabu tupu, Scipione del Ferro wa Bologna alipata njia ya aina moja na kuifanya siri. Niccolò Tartaglia akaipata mwenyewe, akamfunulia Gerolamo Cardano kwa kiapo cha kutoitoa, na Cardano akaichapisha mwaka 1545. Ugomvi uliofuata ulikuwa mkubwa.

Mfano mmoja wa Cardano mwenyewe unatosha kuonyesha kasoro ya kanuni: x³ + 6x − 20 = 0. D ni 100 + 8 = 108. Jibu linatoka kipeuo cha tatu cha (10 + √108) jumlisha kipeuo cha tatu cha (10 − √108). Kwa kikokotoo ni 2.73205 − 0.73205 = 2. Mwanafunzi wa vigawo angejaribu 1, kisha 2, akamaliza kabla wino haujakauka.

Kasoro ya pili ni ya ajabu zaidi. Chukua x³ − 15x − 4 = 0. Mzizi 4 unaonekana wazi. Lakini D = 4 − 125 = −121, hasi, na kanuni inakudai kipeuo cha tatu cha 2 + √−121. Mwaka 1572 Rafael Bombelli alionyesha kwamba (2 + √−1)³ ni 2 + 11√−1, kwa hiyo vipeuo viwili ni 2 + √−1 na 2 − √−1. Ukijumlisha, sehemu za ajabu zinafutana, inabaki 4. Namba changamano zilipata heshima yake hapa, kwenye mlinganyo ambao majibu yake yote ni ya kawaida.

D ikiwa hasi, wafundishe njia ya pembe ya Mfaransa François Viète. Tafuta pembe ambayo kosaini yake ni −q/2 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha −p³/27. Hapa ni 2 ÷ √125 = 0.178885, na pembe ni digrii 79.695. Igawe kwa 3: 26.565. Mizizi ni 2√5 mara kosaini ya 26.565, ya 146.565 na ya 266.565, kila pembe ikizidi nyingine kwa digrii 120. Inatoka 4, −3.732 na −0.268. Miwili ya mwisho ni −2 − √3 na −2 + √3, na mtaikagua kwa kugawanya kwa x − 4, kinabaki x² + 4x + 1.

Hakikisha vikokotoo vyao viko kwenye digrii. Kikiwa kwenye radiani, mzizi wa kwanza utatoka 4 vizuri kabisa, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Kosa linaingia pale wanapojumlisha 120: mzizi wa pili utatoka 2.0955. Wakiurudisha kwenye mlinganyo wataona unaacha karibu −26.